Kibanda umiza cha Ngamiani na utoto wa Charlie Chaplin: hadithi inapwaya, picha zinalipa

Shilingi 1,000 kwa mtu mzima, 500 kwa mtoto. Kwa bei hiyo hakuna burudani ya Jumapili hapa Tanga mjini inayoishinda hii, ilimradi ujue unachokwenda kuona. Kibanda ni kilekile cha mpira na filamu za ngumi, Ngamiani, mabenchi ya mbao chini na mabati juu. Siku hiyo, baada ya swala ya Alasiri, mwenye kibanda anamwachia maiki msimulizi aliyezoea kutafsiri filamu za Kihindi na za Kichina. Msimulizi anaeleza maisha ya Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu za kimya, tangu kuzaliwa hadi alipoingia kwenye filamu, kisha anaonyesha filamu mbili za kimya. Anaanza saa 10 na nusu, anafunga kabla ya Magharibi. Hadithi inachukua dakika 50, zinazobaki ni za picha.

Sauti anayo, pumzi anayo, na kisa anakijua kuliko wengi. Kasoro yake ni moja na inajirudia: anauza huruma. Dakika 40 za mwanzo ukumbi mzima unasikitika, halafu kazi aliyojifunza yule mtoto inapitiwa mbiombio katika dakika 10 za mwisho. Ukitoka pale unaamini Chaplin alichekesha kwa sababu alilala njaa. Waliolala njaa London miaka ile walikuwa maelfu, na hatuwajui majina. Huyu alikuwa na karibu miaka 15 ya jukwaa mgongoni kabla kamera haijamwona, na hiyo ndiyo sehemu ya kusimuliwa taratibu.

Mwanzo wenyewe ni mzuri. London, tarehe 16 Aprili 1889. Mama ni Hannah, mwimbaji aliyepanda jukwaani kwa jina la Lily Harley. Baba naye ni mwimbaji wa kumbi za muziki na vichekesho. Kaka wa mama mmoja, Sydney, amemtangulia kwa miaka 4. Kisha tunapelekwa Aldershot, mji wa kambi za jeshi, mwaka 1894. Sauti ya mama inakatika katikati ya wimbo, askari wanazomea, meneja anamshika mkono mtoto wa miaka 5 na kumwacha jukwaani peke yake. Mtoto anaimba, sarafu zinaanza kurushwa. Anaukatisha wimbo na kuwatangazia watu kwamba ataokota hela kwanza, kuimba baadaye. Meneja anatoka na leso kumsaidia kuokota, mtoto anadhani anaibiwa, anamfuata nyuma ya pazia mpaka ahakikishe hela zimefika kwa mama. Akirudi anaiga kila kitu, pamoja na ile sauti ya mama iliyopasuka, na hapo ndipo kicheko kinapokuwa kikubwa.

Msimulizi anakifanya kisa hiki kwa sinia la bati na sarafu za 50 na 100 anazozidondosha moja moja, maiki ikiwa shubiri moja tu kutoka kwenye sinia. Ukumbi unanyamaza, watoto wanahesabu. Amepata. Angeongeza tu kwamba habari hii tunayo kwa mdomo wa Chaplin mwenyewe, alipoisimulia akiwa mtu mzima, ili msikilizaji aipime kama anavyopima kisa cha babu yeyote.

Baada ya hapo anaanza kuyumba. Anamwita Chaplin yatima, tena mara nyingi. Hakuwa yatima. Baba yake aliondoka nyumbani mapema na akafa mwaka 1901 kwa ulevi, mtoto akiwa na miaka 12. Mama aliishi hadi 1928, na miaka yake ya mwisho, kuanzia 1921, aliimalizia California karibu na wanawe waliokwisha kutajirika. Kilichomkuta mama ni ugonjwa wa akili. Mwaka 1896 ufukara uliwaingiza wote watatu kwenye nyumba ya mafukara ya Lambeth, watoto wakahamishiwa shule ya watoto maskini ya Hanwell, na Charlie akakaa huko kama mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1898 mama alilazwa Cane Hill, hospitali ya wagonjwa wa akili, wavulana wakapelekwa kwa baba na mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Mwaka 1903 alilazwa tena, Charlie akiwa na miaka 14, Sydney yuko safarini baharini. Mitaa yetu ina familia nyingi zinazouguza mtu wa namna hiyo. Kisa cha kweli kingeeleweka Ngamiani bila maelezo marefu, na kingeuma kuliko cha uyatima.

Tena mama huyohuyo ndiye mwalimu wa kwanza. Alikuwa akikaa dirishani akiwaiga wapita njia, mwendo na uso, na mwanawe alisema baadaye kwamba pale ndipo alipojifunza kuwatazama watu. Msimulizi hana hata sentensi moja ya jambo hili, ilhali kuigiza kwake angeliweza vizuri mno.

Sasa viatu vya mbao. Mwishoni mwa 1898, akiwa na miaka 9, Chaplin aliingia kundi la Eight Lancashire Lads, wavulana wacheza viatu vya mbao chini ya William Jackson. Kwa maelezo yake ilimchukua karibu wiki 6 za mazoezi kabla ya kuruhusiwa kucheza na wenzake mbele ya watu. Msimulizi anavaa mitalawanda, anagonga sakafu mara tatu nne, anaendelea na safari. Wazo ni zuri, utekelezaji ni mbovu. Mtalawanda unashikwa na kigingi kati ya vidole viwili. Ukiinua kisigino ubao unabaki chini, ukishusha mguu unalia mara mbili, na mlio wa pili umechelewa. Kiatu cha Lancashire kilikuwa na ngozi juu na soli ya mbao chini, kimefungwa barabara mguuni, ndiyo maana kisigino na ncha viliweza kupiga kwa zamu, haraka, kila kimoja na mlio wake.

Hana haja ya kuagiza chochote Ulaya. Viatu vya ngozi vya kamba vya mitumba vinatosha. Fundi viatu apachike vipande viwili vya mbao ngumu vya unene wa sentimita 1, kimoja kisiginoni na kimoja kwenye ncha, kwa gundi kwanza halafu misumari mifupi. Msumari ukitokeza chini, mchezaji atateleza. Ukitokeza ndani, hatacheza kabisa. Kisha apate plaiwudi ya mita 1 kwa 1 iliyopigiliwa juu ya mbao za 2 kwa 2, pawe na uwazi chini. Sakafu ya saruji inameza mlio, ubao wenye uwazi unautoa. Maiki ilale pembeni ya ubao, isiwe mdomoni. Gharama ni ndogo na watoto wangeelewa ndani ya dakika moja kwa nini zilihitajika wiki 6.

Anaacha pia Krismasi ya 1900, na hii hatumsamehe. Kundi lile lilicheza paka na mbwa katika onyesho la London Hippodrome ambalo nyota wake alikuwa Marceline, mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa sarakasi wa wakati ule. Chaplin, ndani ya vazi la paka, akaenda kumnusa mbwa nyuma, akawageukia watazamaji na uso wa paka aliyeshangaa, kisha akainua mguu ukutani. Watu wakavunjika mbavu, meneja akawa anampungia mikono kutoka pembeni aache. Mtoto wa miaka 11 alikuwa amekwisha kujua kwamba kicheko kinakuja unapowageukia watu baada ya kitendo. Hadithi ya dakika moja, na ukumbi umejaa watoto!

Upande wa tamthilia amejitahidi. Mwaka 1903 kijana alipewa nafasi ya Sammy, muuza magazeti, katika mchezo wa H. A. Saintsbury. Kusoma kulimpa shida, akaogopa asije akaambiwa asome palepale ofisini. Sydney akamsomea nyumbani, na kwa siku 3 akawa ameshika maneno yote. Mchezo ulikufa baada ya wiki 2, lakini yeye alihamia kwenye mchezo wa mpelelezi Sherlock Holmes kama Billy, mtumishi mdogo, na akazunguka nao Uingereza hadi 1906. Ujira ulikuwa pauni 2 na shilingi 10 kwa wiki. Msimulizi anaigeuza kuwa "shilingi hamsini," ukumbi unaangua kicheko kwa sababu hamsini ya leo ni ya pipi, naye anakifurahia kicheko na kusonga mbele. Asisonge. Pauni ya wakati ule ilikuwa na shilingi 20, na kibarua wa London alipata kama pauni moja na ushee kwa wiki. Mvulana wa miaka 14 alikuwa anapokea karibu mara mbili ya mtu mzima mwenye familia. Hilo linabadilisha picha ya "maskini yule" kabisa, labda ndiyo sababu linarukwa.

Yuko kwenye kiwango chake anapofika kwenye kuanguka. Kijana anajaribu kusimama peke yake kama mchekeshaji wa Kiyahudi katika ukumbi wa Forester's, mashariki mwa London, mtaa wenye Wayahudi wengi, kwa mizaha ya zamani na lafudhi ya kubahatisha. Watu wanamtupia maganda ya machungwa na sarafu, anakimbia, harudi tena. Nje ya kibanda kuna muuza machungwa ya Muheza, na nusu ya ukumbi ina ganda mkononi wakati huo. Msimulizi anachofanya ni kunyamaza na kuwatazama walioshika maganda, mmoja mmoja. Anasubiri. Mtu wa kwanza akicheka, wote wanafuata. Ni dakika bora ya saa nzima, na hakutamka neno.

Halafu anakuja Fred Karno, bwana mkubwa wa vichekesho vya jukwaani, na tunarudi kwenye porojo: eti Karno "alimwokota mtaani." Sydney alikuwa anafanya kazi kwa Karno tangu 1906 na ndiye aliyemsukumia mdogo wake. Karno alimwona dhaifu na mnyonge mno, akampa majaribio ya wiki 2, Februari 1908, katika mchezo wa mechi ya mpira pale London Coliseum, mbele ya Harry Weldon aliyekuwa golikipa na nyota. Kuingia kwake ndiko kunakotajwa hadi leo. Aliingia kinyumenyume. Watu waliona mgongo tu: koti zuri, kofia ndefu, fimbo, mwendo wa bwana. Akageuka, pua nyekundu ya mlevi. Kicheko. Kisha akajikwaa kwenye chuma cha mazoezi, fimbo ikanasa kwenye mfuko wa kupigia ngumi, mfuko ukarudi kumzaba usoni, na kifungo cha suruali kikapotea.

Msimulizi anaigiza kuingia huku na anaharibu kila mara kwa sababu ileile: anageuka mapema. Jukwaa lake ni hatua mbili, anaona aibu kukaa kimya amewapa watu mgongo. Kicheko cha pale kinategemea watu wawe wameshaamini kwamba ni bwana wa heshima, na kuamini kunataka muda. Aingie kupitia mlango wa pembeni, kinyumenyume, ahesabu taratibu hadi 8 kabla ya kugeuka, na hatua ya 5 au ya 6 asimame kidogo kurekebisha mkono wa koti. Pua iwe imepakwa rangi kabla, isiwe ile ya plastiki yenye mpira, maana mpira unaonekana kwa nyuma ya kichwa na siri inavuja kabla hajageuka.

Miaka nayo irekebishwe. Safari ya kwanza ya Marekani na kundi la Karno ilikuwa Septemba 1910, si 1912. Ya 1912 ni ya pili. Kwamba Stan Laurel, yule mwembamba wa Laurel na Hardy, alikuwa ndani ya kundi hilohilo, hapo yuko sahihi. Kofia, fimbo na suruali pana za yule mzururaji, mhusika aliyemvumisha Chaplin, hazikuwa za marehemu baba kama msimulizi anavyodai. Vazi lile lilikusanywa studio ya Keystone mwanzoni mwa 1914, baada ya Chaplin kumwacha Karno Novemba 1913 kwa mkataba wa dola 150 kwa wiki. Mwendo wa nyayo zilizogeukia nje ndio wenye asili ya utotoni: alisema aliuiga kwa mzee mmoja aliyekuwa akishika farasi wa wateja nje ya baa. Watoto wa Ngamiani wanauiga vibaya, wanakunja magoti. Magoti yanyooke, visigino vikaribiane, uzito uhame upande hadi upande. Wazazi waliokua na Mzee Majuto watawaelewesha haraka: naye Amri Athumani wetu alianza jukwaani mtoto, mwaka 1958, na mwili ulikuwa umeshafundishwa siku nyingi kabla ya kanda za video kufika.

Sasa picha, na hapa ndipo hela yako inaporudi. Uchaguzi ni wa mtu anayejua. Ya kwanza ni Kid Auto Races at Venice, ya Februari 1914, dakika chache tu: yule mzururaji anajipitisha mbele ya kamera inayopiga mashindano ya vigari vya watoto, na ndivyo ulimwengu ulivyomwona kwa mara ya kwanza. Ya pili ni A Night in the Show, ya Novemba 1915, iliyotengenezwa kutokana na mchezo wa Karno aliokuwa akiucheza jukwaani kama mlevi. Jukwaani mlevi alikaa kwenye kijumba cha watazamaji wa heshima kando ya jukwaa. Kwenye filamu Chaplin anacheza watu wawili, bwana mlevi chini na mlalahoi roshanini. Hakuna njia ya karibu zaidi ya kuona alichokuwa akifanya kabla ya kamera. Wazazi wajue tu kwamba roshanini kuna mzungu aliyepakwa weusi usoni, mtindo wa enzi hizo. Msimulizi anapita kimya. Watoto wanauliza, bora alitaje mwenyewe.

Mtoto mwingine atauliza: "Mjomba, mbona wote wana haraka?" Jibu analopewa ni kwamba wazungu wa zamani walitembea hivyo. Sivyo. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, kwa kawaida picha 16 hadi 20 kwa sekunde, na mitambo ya baadaye ilifungwa kwenye picha 24. Futi 1,000 za filamu, yaani picha 16,000, kwa mwendo wa 16 zinachukua dakika 16 na sekunde 40. Kwa mwendo wa 24 zinaisha kwa dakika 11 na kidogo. Nakala yake ya filamu ya pili ni ya kukimbizwa. Kompyuta yake ina VLC, programu ya kuchezea video, basi apunguze mwendo hadi 0.75 au 0.8. Asishuke chini ya hapo, kwa sababu watengenezaji wenyewe waliongeza kasi kidogo kwa makusudi kwenye vichekesho, na ukisawazisha kabisa maanguko yanakuwa mazito. Na asipunguze kila faili: nakala zilizokarabatiwa zimeshasawazishwa. Kipimo ni watu wanaopita kwa nyuma, wasiochekesha. Hao wakitembea kama watu, acha ilivyo.

Jingine ni umbo. Filamu hizi zina picha ya karibu 4 kwa 3, yeye anaivuta ijaze shuka lote, na Chaplin, mtu mdogo mwembamba, anakuwa na mashavu ya mfanyabiashara. Ni kubonyeza A kwenye VLC hadi irudi, pembeni pabaki peusi. Mwanga nao: saa 11 na ushee jua la magharibi linapenya matundu ya mabati, filamu ya kwanza inaonekana kijivu. Turubai moja juu ya ukuta ule ingemaliza kazi.

Muziki tunamsifu bila masharti. Anaizima piano ya kwenye faili na kuweka taarabu ya zamani ya Tanga isiyo na maneno, ya enzi za kundi la Black Star. Bwana mlevi anagombana na wapiga muziki wa mbele ya jukwaa huku vinanda vya kwetu vinalia, na vinakaa sawasawa. Angejifunza tu lini afunge maiki. Asome yale maandishi yanayotokea katikati, kisha anyamaze. Anapotangaza "sasa anaanguka" kabla mtu hajaanguka, kicheko kinakuja nusu, kwa sababu watu wameshakitumia.

Shule zinaweza kumkodi kwa elfu 60, projekta na spika zikiwemo; jenereta na mafuta ni juu yenu. Mwambieni aje na flashi mbili, afupishe Hanwell na arefushe Karno. Kibandani kaeni benchi la tatu au la nne, kulia: la kwanza mtavunjika shingo, kushoto kuna nguzo. Na Simba au Yanga wakicheza Jumapili jioni, Chaplin anahamishiwa Jumamosi bila tangazo. Ulizieni Ijumaa kwa muuza kahawa wa mlangoni, mwenye kibanda mwenyewe huwa hajui.